Kutengeneza Mwenyewe: Je, Mwenyewe Ni Nani?

Neno mwenyewe lina kazi mbili katika Kiswahili. Ukifika dukani ukamkuta mtoto, unamwuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" na unamkusudia mmiliki. Ukimsifu mtu kwa kiti alichokichonga, anakujibu, "Nimekitengeneza mwenyewe," na anakusudia kwamba hakusaidiwa na mtu. Katika Kiganda, lugha ya mama yangu, mambo ni hayo hayo: nannyini ni mmiliki, na yennyini ni yeye mwenyewe. Kwa muda mrefu niliona jambo hili kuwa la sarufi tu. Likizo ya mwaka jana liligeuka likawa swali la maadili, nami ninaliweka mbele ya wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu. Mtu anapoamua kutengeneza kitu mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenyewe, je, hatari anayoibeba ni yake peke yake?

Kitu chenyewe kilikuwa ekskaveta. Mjomba wangu ana moja, ya tani 20, kuukuu, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Inachimba changarawe na mitaro nje ya mji wa Masaka. Karo yangu ya chuo, tangu mwaka wa kwanza, imetoka katika ndoo ya mashine hiyo. Ninalitaja hili mapema ili msomaji asinidhanie kuwa hakimu aliyekaa mbali na kesi.

Mkono wa ekskaveta umeungwa kama mkono wa mtu. Una bega, pale mkono mkuu unaposhikana na mwili wa mashine. Una kiwiko katikati. Na una kifundo, pale ndoo inapokunjwa. Katika kila kiungo kuna pini na bushi. Pini ni nondo nene ya chuma kigumu. Ile ya begani kwa mashine kama ya mjomba ina unene wa milimita 90 hivi. Bushi ni bomba fupi la chuma lililobanwa ndani ya tundu la mkono, na pini hucheza ndani yake. Kati ya pini na bushi hupita grisi. Grisi hulainisha, na pia ile mpya inapoingizwa huisukuma nje ile ya zamani pamoja na mchanga ulioingia. Bushi imewekwa ili iliwe yenyewe, mkono usiliwe. Ikiisha hutolewa, ikatiwa nyingine. Lakini ikiachwa baada ya kuisha, au ikikauka grisi mpaka ikaanza kuzunguka ndani ya tundu lake, basi mkono wenyewe huanza kulika, na tundu lililokuwa duara huwa na umbo la yai.

Mashine ya mjomba ilikuwa imeanza kugonga. Kila mkono ulipobadili mwelekeo, ulisikika mlio mmoja mzito begani: ko! Opereta akaiweka ndoo chini, akawa anauinua mkono kidogo na kuushusha, nasi tukasimama pembeni kutazama. Mkono ulitangulia, pini ikafuata nyuma yake. Mjomba aliuliza bei kwa wakala. Pini, bushi na kazi vingemeza mapato ya miezi mitatu. Akarudi nyumbani, akakaa kimya wakati wa chakula, kisha akasema, "Tutatengeneza wenyewe."

Nilifurahi kusikia hivyo. Muhula uliotangulia tulikuwa tumesoma andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, ambamo anataka shule ziwe na mashamba na karakana, na kazi ya mikono ya wanafunzi iwe sehemu ya elimu yao. Nilikuwa nimeliandikia kurasa sita bila kushika hata spana. Sasa nilipewa spana.

Kazi ilinifundisha mengi kwa siku mbili. Jambo la kwanza ni kwamba kabla ya kugusa pini, kila kitu kinachoweza kuanguka lazima kiwe kimekwisha kulala au kushikwa. Tulilaza ndoo na mkono chini, tukakodi lori lenye kreni liushike mkono mkuu, injini ikazimwa, na opereta akazisukuma zile stiki huku na huku ili shinikizo lililobaki katika mabomba ya mafuta litoke. Mkono huo una uzito wa zaidi ya tani moja, na hauna habari kama wewe ni mwenye mashine au msaidizi.

Jambo la pili nilijifunza kwa hofu. Pini ilikataa kutoka. Mjomba akachukua nyundo kubwa akaipiga kichwani moja kwa moja. Kwa pigo la tatu au la nne kikaruka kipande cha chuma chembamba kama ukucha, kikapita karibu na sikio la opereta na kuchana ukosi wa shati lake. Chuma kigumu kikipigwa kwa chuma kigumu hakibonyei, humeguka. Ilitupasa kuweka kipande cha shaba katikati. Opereta akaushika ukosi wake, akautazama, akasema, "Bosi, tusipige tena. Mwambie wa kreni ainue kidogo." Dereva akainua kwa kiasi cha upana wa kidole. Tukaisukuma pini kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo, ikatoka kama mtu anayeondoka mkutanoni kwa heshima. Ilikuwa imebanwa na uzito usio sawa. Ulipowekwa sawa, haikuwa na sababu ya kukataa.

Siku ya pili lori na opereta hawakuwapo asubuhi. Tulibaki mjomba, mchomeleaji mmoja, na mimi niliyeshika tochi. Mchomeleaji alizitoa bushi za zamani kwa njia ambayo sikuijua: alipitisha mstari wa kuchomelea ndani ya bushi, akaiacha ipoe, nayo ikasinyaa na kuachia tundu. Bushi mpya ya kulia iliingia kwa shida, kama inavyotakiwa, kwa maana bushi hutengenezwa ikiwa kubwa kuliko tundu kwa unywele tu, ili ikae kwa kujibana. Ya kushoto niliisukuma kwa kidole ikaingia. Ikacheza ndani. Nikaelekeza tochi, tukaona. Tundu la mkono lilikuwa limekwisha kuwa yai, na upande wa juu palikuwa na nafasi ya kama milimita moja.

Mchomeleaji alisema bila kuulizwa kwamba dawa yake ni moja: kulijaza tundu kwa chuma cha kuchomelea, kisha kulikereza upya kwa mashine ya kubebeka inayopita matundu yote mawili kwa mstari mmoja, ili kushoto na kulia yaelekeane. Fundi wa mashine hiyo angetoka Kampala. Ingechukua siku nyingi na pesa nyingi, na Jumatatu ekskaveta ilikuwa imekodishwa kuchimba mtaro wa mabomba ya maji kando ya barabara.

Mjomba akasimama kwa muda. Kisha akakata ukanda wa bati, akauzungusha kwenye bushi, akaigongea ndani, na kumwambia mchomeleaji aishike kwa kuchomelea sehemu tatu. Tukatia grisi. Jioni, mkono ulipokwisha kurudishwa, mimi ndiye niliyepaka rangi ya manjano juu ya zile alama. Nilipomwangalia, alinijibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza: "Mashine ni yangu, mwanangu. Ikiharibika, hasara ni yangu."

Jumatatu asubuhi opereta aliiwasha, akauinua mkono, akaushusha, akatabasamu. Hakukuwa na ko. Akatoa kichwa dirishani akaniita kwa jina la utani alilonipa kwa sababu nasomea ualimu: "Mwalimu! Mmefanya kazi safi. Sasa haibishi." Nikamwinulia kidole gumba. Kwa siku nne nilimwinulia kidole gumba. Kwa siku nne wanaume watano wenye masepetu walishuka katika mtaro na kupanda, na mara nyingi mno ule mkono ulipita juu ya vichwa vyao.

Siku ya tano, wakati wa chai, nilimwambia. Nilidhani atakasirika. Aliuliza kwanza, "Upande gani?" Nikamwambia, kushoto. Akanywa chai, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia Jumatatu?" Sikuwa na jibu. Tukaenda kutazama. Rangi niliyoipaka ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba kuzunguka bushi, ishara kwamba imeanza kusogea. Opereta akawatoa watu mtaroni, akamaliza siku hiyo kwa kuchimba udongo laini tu, na jioni akamwambia mjomba kwamba hatauinua mkono huo juu ya mtu mpaka tundu litengenezwe. Mjomba alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Kwa majuma mawili aliniamkua tu, hakuongeza neno.

Huo ndio mwisho wa hadithi, maana hakuna aliyeumia. Fundi wa Kampala alikuja, tundu likajazwa na kukerezwa, bushi mpya ikalala usiku kucha katika friza ya bucha ili isinyae, asubuhi ikaingizwa ikiwa na ukungu. Pesa za kazi hiyo zilikuwa pamoja na karo yangu. Nilijiandikisha chuoni kwa kuchelewa, na nikalipa faini ya kuchelewa.

Sasa nirudi kwenye swali. Mjomba wangu si mtu mbaya, na hoja zake zinastahili kupimwa kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni ya umiliki: mashine ni yangu, hasara ni yangu. Hoja hii ingekuwa kweli kama hasara ingekuwa ya chuma tu. Lakini mkono wenye bushi inayocheza hauchagui wa kumlipisha. Pini isiyokaa sawa hupata mzigo upande mmoja. Tundu huzidi kulika. Bolti inayoizuia pini isitoke hukatika. Kichwa cha mkono huweza kupasuka. Anayekaa karibu na hayo ni opereta, na aliye chini yake ni mchimba mtaro anayelipwa kwa siku. Wao si wenyewe wa mashine, ila kila mmoja ni mwenyewe wa mwili wake. Hapa ndipo naona neno letu linavyotudanganya. Kutoka "mimi ni mwenyewe" hatuwezi kuruka hadi "yatanipata mwenyewe". Umiliki unampa mtu haki ya kuamua juu ya kitu, lakini haumpi haki ya kuamua kwa siri juu ya mwili wa mtu mwingine.

Hoja ya pili ni ya umaskini: tajiri hupeleka mashine kwa wakala, sisi tufanyeje? Hoja hii inaniuma zaidi, kwa sababu ninaila na kuivaa. Ni kweli kwamba nchi zetu zinaendeshwa na vitu vilivyokwisha kutumika mahali pengine, na bila watu wanaothubutu kuvifungua wenyewe, nusu ya barabara zetu zisingechimbwa. Silaumu kuthubutu huko. Pini ya begani tuliitoa wenyewe, bushi ya kulia tuliitia wenyewe, na zilikaa vizuri. Ila nimeona kwamba umaskini ulieleza kwa nini tulitia bati. Haukueleza kwa nini tulipaka rangi. Bati lilikuwa la kuokoa pesa. Rangi ilikuwa ya kuokoa nini? Ilikuwa ya kumzuia opereta asione. Kama tungemwambia, huenda angekubali kuchimba kwa uangalifu kwa juma moja huku tukitafuta pesa, watu wakiwa mbali na mkono. Ukweli ungetugharimu maneno tu, na maneno hata maskini anayo.

Hoja ya tatu mjomba aliitoa baadaye, tulipopatana: "Mbona hakuna kilichotokea?" Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walijadiliana juu ya kile walichokiita bahati katika maadili: watu wawili hufanya kosa lile lile la uzembe, mmoja akaua na mwingine akafika nyumbani salama, nasi tunawahukumu tofauti. Kama mkono ungeanguka, mjomba angeitwa muuaji, nami msaidizi wake. Haukuanguka, kwa hiyo anaitwa mtu aliyebana matumizi. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipoinua kidole gumba, sikujua ni lipi kati ya hayo litakalotokea. Nilichokijua wakati huo ndicho ninachodaiwa. Bahati ilimwokoa opereta, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini haiwezi kufuta kile kidole gumba.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni hili: kosa lilianza lini? Eubulides wa Miletus, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, anatajwa kuwa ndiye aliyeuliza fumbo la rundo la mchanga. Ukiondoa chembe moja, rundo bado ni rundo. Ukiondoa nyingine, bado. Basi ni chembe ipi inayolifanya lisiwe rundo tena? Bushi huisha kwa namna hiyo hiyo. Hakuna siku ambayo ilikuwa nzima asubuhi na mbovu jioni. Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo inazungumzia ufa unaoonekana. Huku kwetu hakukuwa na ufa, kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo grisi ilitiwa kidogo.

Na moja ya asubuhi hizo ni yangu. Likizo ya Desemba iliyotangulia nilitumwa kutia grisi kabla ya kazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikatia katika viungo vya chini, vinavyofikika ukiwa umesimama, nikaacha vya begani kwa sababu ilinibidi kupanda juu ya chuma chenye utelezi. Mjomba aliponiuliza nilisema, "Tayari." Sidhani asubuhi ile moja ndiyo iliyolifanya tundu kuwa yai. Lakini kila mtu aliyeshika ile pampu ya grisi anaweza kusema hivyo, na wote tukisema hivyo, tundu litakuwa limejitoboa lenyewe.

Jibu langu kwa Eubulides ni la fundi kuliko la mwanafalsafa. Kwa kuwa hatuwezi kuijua chembe ya mwisho, mafundi hawaisubiri. Huweka kipimo kabla ya hatari: nafasi ikifika kiasi fulani, badilisha, hata kama mashine bado inafanya kazi. Kipimo hicho huonekana cha ubishi kwa mwenye haraka, kwa maana siku moja zaidi haingeleta madhara. Lakini bila kipimo, kila siku ni siku moja zaidi. Naona ukweli nao unahitaji kipimo cha namna hiyo. Nilijiambia nitamwambia opereta kesho, na kesho hiyo ilikuwa na haki sawa ya kuwa kesho kama ile ya jana yake. Jumatatu ilikuwa ndiyo kipimo. Nilikipita kwa siku nne.

Kwa hiyo sisemi kwamba mtu asitengeneze mwenyewe. Nasema kwamba anayetengeneza mwenyewe amejitwika kazi mbili, ya fundi na ya shahidi. Ukipeleka mashine kwa wakala, unalipia pia karatasi inayosema kilichofanywa na kisichofanywa. Ukifanya mwenyewe, karatasi hiyo ni ulimi wako, na wa kusomewa ni yule atakayekaa kwenye kiti. Ulichoona kwa tochi, mwambie. Ulichobandika kwa bati, mwambie ni bati. Akikubali kukaa, amekaa kama mtu aliyeamua. Akikataa, amekupunguzia mzigo.

Likizo hii nilirudi tena. Kila asubuhi natia grisi viungo vyote, nikianza na vya begani, mvua inyeshe au isinyeshe, nikiendelea mpaka ile safi itokee pembeni. Opereta husimama chini kunitazama. Zamani hakuwa akinitazama. Sikumlaumu. Nikishuka huniuliza, "Na wa kushoto, Mwalimu?" Namjibu, "Njoo uone." Naye huja, akapanda, akaona mwenyewe.